Mpiga Picha Aliyecheza Penalti Muhuru Bay

Ninyi vijana mnaopiga picha chai kabla hamjaionja, kaeni tuongee. Sitawagombeza. Nimestaafu, na mtu aliyestaafu hawezi kushindana na simu. Nataka tu niwasimulie habari za mpiga picha mmoja aliyenikera karibu miaka yote ya tisini, na ambaye mpaka leo sijaona wa kumfananisha naye. Kumsifu kunaniuma kidogo, kwa hiyo mkinisikia nimemtukana mahali fulani, nivumilieni.

Mimi studio yangu ilikuwa Rongo, kando ya barabara kuu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele mteja alikaa kwenye stuli, nyuma mimi nikaosha filamu. Ukutani palikuwa na ndege kubwa iliyochorwa na fundi wa mabango, na watu wengi wa Rongo walisafiri kwa ndege hiyo wakiwa wamesimama nje yake. Nilikuwa na koti moja la wateja. Nilikuwa nimelipasua mgongoni, kutoka kola mpaka chini, ili limtoshe mwembamba na mnene. Nyuma nakufunga kwa kamba, mbele wewe ni mkurugenzi. Tai nayo ilikuwa moja. Ukiingia kwenye nyumba za watu kutoka Rongo hadi Migori bado utaiona ukutani, imeoa mara nyingi kuliko chifu yeyote.

Nilikuwa mtu wa kanuni. Nilikuwa na kipima mwanga, kile kidude cha sindano, na sikumpiga mtu picha bila kukiuliza kwanza. Nilipima umbali kwa futi ya fundi cherehani. Halafu nikasema: kidevu juu, mikono magotini, usipumue. Picha zangu zilitoka safi mno, ungeweza kuhesabu vifungo vya shati. Nyuso zilikuwa za watu waliokamatwa, hilo nakubali. Lakini hapakuwa na aliyelalamika, maana enzi zile kila mtu alijua kwamba picha ni jambo la kuogopwa.

Sasa Odongo. Yeye studio yake ilikuwa Homa Bay, na hakuna aliyemwita Odongo. Aliitwa Chenga.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye harusi huko kwao Homa Bay. Upande wa bibi harusi uliniita mimi, upande wa bwana harusi ukamwita yeye, kwa hiyo tukajikuta wawili mbele ya watu wale wale, kama marefa wawili uwanjani. Mimi nikapanga watu wangu, nikapima mwanga, nikapiga, nikamaliza. Akaja yeye, kofia nyeupe kichwani, anacheza cheza. Akawapanga watu vile vile nilivyowapanga. Akasema, "Moja! Mbili!" Kila mtu akabana pumzi. Kisha akashusha kamera. "Basi, nimemaliza, asanteni sana!" Watu wakashusha pumzi. Msimamizi akainama kurekebisha kiatu, bwana harusi akajifuta jasho na kumtazama mke wake kama amekumbuka sasa hivi kwamba ameoa. Paa! Hapo ndipo alipopiga.

Angeishia hapo ningemsamehe. Akawapa watu mgongo, akainua kamera juu ya kofia, lenzi ikiangalia nyuma, akapiga bila kutazama. Akina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele vya bibi harusi, jamani, vikamwendea kameraman! Nikajiambia, hiyo picha itatoka paa la kanisa na masikio ya watu. Baadaye niliiona. Watu wote walikuwemo, mpaka nyanya wa bibi harusi aliyekuwa amejificha nyuma ya maua, na wote walikuwa wanacheka. Sikula vizuri siku hiyo.

Jina la Chenga lilitoka uwanjani. Homa Bay wakati huo kulikuwa na winga mmoja wa kulia ambaye akimpita beki alikuwa anamngoja ainuke, ili ampite tena. Kocha alikuwa anapasuka koo akimwambia apige krosi. Wazee walimlaani. Lakini wazee hao hao walifika uwanjani mapema ili wasimkose, na siku alipoumia walirudi nyumbani nusu ya kwanza haijaisha. Watu wakasema Odongo anafanya na kamera yale yale winga anayofanya na mpira, na jina likakaa.

Mimi niliona ni mbwembwe tu. Nikamwambia hivyo, siku tuliyokutana hotelini tukila samaki. Kila siku aliniita Mwalimu, kwa sababu ya kupimapima kwangu, na hakulitumia jina hilo kwa heshima.

"Mwalimu," akasema, "unafikiri yule winga anachezea mpira? Anamchezea beki. Mpira ni wa kumshughulisha tu."

"Na hiyo inahusiana nini na picha?"

"Mtu akiona kamera, uso wake unakuwa golikipa. Unasimama katikati, unaziba kila mahali. Wewe unapiga hapo hapo, unampa mpira mikononi. Mwache aruke kwanza upande mmoja, ndio upige."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu asiye na kipima mwanga. Lakini wiki ile ile nikajaribu. Alikuja mchungaji mmoja, mtu mzito, anataka picha ya ofisini. Nikasema moja, mbili, nikashusha kamera, nikatabasamu. Mchungaji akaniangalia. "Kamera yako imeharibika?" Nikasema hapana, Mchungaji, ni mbinu mpya. Akavua lile koti langu, akaenda studio ya ng'ambo ya barabara. Kumbe chenga nayo ina wenyewe.

Na msidhani Chenga hakuanguka. Kwenye harambee moja huko Magunga alirudi kinyumenyume akitafuta nafasi ya kuwapata viongozi wote, akaingia mguu mzima ndani ya sufuria ya supu. Supu ilikuwa imeshapoa, Mungu ni mwema. Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye akabaki ndani ya sufuria, akawageuzia kamera akina mama wapishi waliokuwa wameshika vichwa, akapiga. Baadaye akaapa kwamba alikuwa amepanga iwe hivyo. Supu ililiwa, na zaidi ya hapo msiniulize.

Sasa nifike kwa Pamela, maana yeye ndiye aliyetukutanisha siku ninayotaka kuwaeleza.

Pamela aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Rongo. Kwao ni Muhuru Bay, ziwani, karibu na mpaka. Mamake alipofariki hakukuwa na picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho, na mimi ndiye niliyeikuza ili ibebwe mbele ya jeneza, kama desturi ilivyo kwetu. Niliikuza vizuri kabisa. Lakini mnajua picha za vitambulisho. Walipopita nayo njiani, shangazi yake mwenyewe Pamela, wifi wa marehemu, mtu aliyekula naye chungu kimoja, aliuliza, "Huyo tunayemzika ni nani?"

Mwaka uliofuata Pamela akaja studio. Hakukaa kwenye stuli.

"Baba Achieng," akaniambia, "baba yangu kifua kinamsumbua. Sitaki abebwe na uso wa kitambulisho. Watoto wangu wadogo watamjua kwa hiyo picha tu. Nataka wamwone yule mzee anayetuvunja mbavu nyumbani. Mara moja tu. Tafadhali."

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nikaenda Muhuru Bay na vyombo vyangu vyote.

Mzee Okumu alikuwa mtu wa maneno, mwenye mguu mmoja mbaya. Kabla sijashusha mizigo alikuwa ameshanichekesha mara kadhaa, mara mbili kwa kunitukana. Lakini nilipotoa kamera, yule mzee aliondoka, akabaki mwili wake kwenye kiti. Alikuwa amepigwa picha ya kwanza akiwa kijana, wakati wa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na bwana mkubwa aliyemshika kidevu na kumgeuza kama mbuzi wa kununuliwa. Tangu hapo picha kwake ilikuwa amri. Kidevu juu, macho mbele, midomo imefungwa. Sikuhitaji hata kumwambia asipumue. Nilipiga siku hiyo, nikarudi nikapiga tena siku nyingine. Pamela alipoziona zile picha machozi yalimtoka. "Baba Achieng, huyu ameshakufa tayari," akasema. "Naenda kumtafuta Chenga."

Iliniingia kama mwiba. Nikamwambia nami nitakuja, nisaidie kubeba. Ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka kuwa karibu Chenga akishindwa.

Tulifika asubuhi, akina mama wanatandaza omena kwenye nyavu ufuoni. Mzee Okumu alikuwa ameshavaa koti, amekaa kwenye kiti nje, tayari kwa hukumu. Chenga akamwamkua, wakataniana, wakacheka. Kisha akainua kamera. Uso ukafungwa.

"Moja! Mbili! Basi, nimemaliza, Jaduong', mzee wetu, asante sana!"

Mzee hakutikisika. "Bado," akasema kwa midomo iliyofungwa.

"Bado nini?"

"Bado hujapiga. Kidole hakijashuka."

Chenga akacheka, akaangusha kofia, akainama kuiokota huku kamera ikimwangalia mzee. Hakuna kitu. Akasema filamu imekwisha, akafungua mkoba, akalalamika. Mzee anangoja tu. Akampa mgongo, akainua kamera juu ya kichwa, ile ile ya harusini. Nilipochungulia uso wa mzee, ungedhani anasubiri kusomewa mashtaka. Akina mama waliacha omena wakaja kutazama, na sasa waliyekuwa wanamcheka ni Chenga.

"Kijana," mzee akasema, "mimi nilikaa golini hapa Muhuru baba yako akiwa anachunga mbuzi. Watu wa madoido nawajua mmoja mmoja. Winga anakuletea mabega, anakuletea macho, anakuletea kiuno. Golikipa mjinga anaviangalia. Mimi niliangalia mpira. Leo naangalia kidole chako."

"Kwa hiyo hakuna aliyekufunga?"

"Penalti haijawahi kuniingia. Uliza ufuo wote."

Ufuo wote ukaitikia kwamba ni kweli. Mzee akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu, Pamela akamshika mgongo. Kikohozi kilipotulia Pamela akaenda kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi. "Basi," akasema. "Ndivyo tutakavyombeba."

Mnataka niwaambie nilifurahi? Nilikuwa nimekuja kufurahi. Lakini nilimwona yule dada pale kwenye mtumbwi, na furaha yenyewe haikuja.

Chenga naye alimwona. Kisha akavua kofia, akavua kamera shingoni, akampa Pamela.

"Jaduong'," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka Tanzania, "penalti haijakuingia kwa sababu hujawahi kukutana na mtu wa Homa Bay."

Wololo! Mzee alisimama na kifua chake kibovu kama kijana aliyetukaniwa mama. Koti likatupwa. Wavuvi wakachomeka makasia mawili mchangani kuwa milingoti, mtu akaleta mpira wa matambara uliofungwa kwa uzi wa nyavu. Pamela akalia, "Baba, kifua!" Babake akamwambia kifua si chake ni cha mwenyewe.

Chenga aliponipita akapunguza sauti. "Mwalimu, kasimame kando ya kasia la kulia. Pima mwanga wako. Akiusahau uso wake, piga."

"Mimi? Na wewe je?"

"Mimi nacheza."

Basi nikaenda. Nilipima mwanga, maana mchanga na maji vinadanganya sana. Ukipima bila kugeukia uso wa mtu atatoka mweusi kama sufuria. Nikaweka umbali wa pale kwenye makasia, nikafunga lenzi kidogo ili hata akisogea asipotee, nikaweka kasi ya juu kabisa. Niliyokuwa nayo kwenye kamera ilikuwa filamu ya picha nyeusi na nyeupe, ile ya pasipoti.

Chenga akakimbia, akasimama ghafla, akaweka mguu juu ya mpira. Akazunguka. Akauchezea huku na huku, akanyanyua goti, akatazama kushoto kama ameona nyoka. Akina mama wanapiga kelele. Mzee amesimama tu, mikono imening'inia.

"Ruka basi!" wakampigia kelele.

"Siruki!" akajibu. "Apige!"

Chenga akapiga. Na nilimwona usoni: hakuwa anatania. Yule mtu alitaka goli. Mpira ulikuja mkali, upande wangu, kwenye kasia la kulia. Mzee akachukua hatua moja ndefu, wakati ule ule, si mapema na si kuchelewa, akaudaka kwa mikono miwili akaukumbatia kifuani kama amekamata kuku aliyemkimbia wiki nzima. Mguu mbaya ukamrudisha nyuma, akayumba, hakuanguka. Akageukia ufuo, mdomo wazi, meno machache yaliyobaki yote nje, anacheka, anacheka mzee wa watu! Nikapiga.

"Ameudaka! Ameudaka!" Walimbeba juu juu. Alikuwa anakohoa na kucheka na kuitukana Homa Bay nzima, mji na vitongoji vyake. Pamela alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kamera ya Chenga imemning'inia shingoni.

Kesho yake Chenga akaja Rongo. Hakuweza kungoja. Tukaingia nyuma ya pazia, nikawasha taa nyekundu, nikaitumbukiza karatasi kwenye dawa. Mliozoea simu hamtaielewa raha hiyo: karatasi ni nyeupe, unaitikisa taratibu, halafu mtu anakuja. Kwanza ukaja mdomo wa mzee umefunguka, kisha macho, kisha mikono. Nilipiga makofi. Nilikuwa sijawahi kupata uso kama ule tangu nianze kazi.

Kisha likaja kasia.

Nilikuwa nimesimama sambamba nalo, kwa hiyo lilisimama kwenye picha kama mstari uliopigwa kwa rula. Upande mmoja ufuo na watu. Upande wa pili, ndani kabisa, Mzee Okumu na mguu wake mbaya na mpira kifuani. Kurudi nyuma kule kulikuwa kumemwingiza golini na mpira wake.

"Uliingia," nikasema.

Chenga akainama mpaka pua ikakaribia dawa. "Goli safi," akasema polepole. "Goli safi kabisa, Mwalimu."

Nikangoja ngoma ianze. Nilijua itakavyokuwa: picha kubwa kwenye dirisha la studio yake, yeye mlangoni na kofia yake, kila mpita njia anaonyeshwa kasia. Golikipa asiyefungika wa Muhuru, amefungwa na Chenga. Mtu yule alipenda kushangiliwa kuliko chakula, nami nilikuwa nimempa ushahidi kwa mkono wangu.

"Hii mashine yako ya kukuzia picha inaweza kukaribia?" akauliza.

"Inaweza."

"Karibia mpaka kasia liondoke."

"Nusu ya mpira itaondoka nalo."

"Iondoke."

Nikapandisha kichwa cha mashine, nikarekebisha lenzi, nikaongeza muda kidogo kwa sababu ukipanda juu mwanga unafifia. Ikabaki sura, mabega, na ukingo wa mpira chini ya kidevu. Ile karatasi ya kwanza akaichana mwenyewe vipande vidogo, akavaa kofia yake akaondoka.

Mzee Okumu aliitundika picha mlangoni, ili hata wenye haraka waione. Kila aliyepita alisimuliwa. Chenga naye kila alipofika Muhuru Bay kwa kazi zake wavuvi walimwekea makasia mchangani na kumuuliza kama anataka kujaribu tena. Alinuna vizuri sana. Sikujua kwamba mtu anaweza kununa kwa ufundi.

Mzee alipofariki, mzee mmoja wa kanisa alisema marehemu hawezi kubebwa akicheka namna ile, eti si heshima. Pamela akaishika ile picha kwa mikono miwili, akatangulia nayo. Njiani watu waliacha majembe. Walimwita kwa jina, wengine wakamtukana kwa yale matusi aliyowazoesha, wanalia.

Nyumbani, aliyesoma historia ya marehemu akafika kwenye habari za mpira. Akasema kwamba penalti haikuwahi kumwingia hata uzeeni, na mtu wa mwisho aliyejaribu yuko hapa hapa na kamera yake. Umati wote ukageuka.

"Chenga! Simama useme. Ni kweli?"

Akasimama. Mimi nilikuwa karibu naye, nikamtazama. Akavua kofia, akampa mtu, akaenda mpaka mbele ya jeneza. Akairudia ile penalti yote, bila mpira, polepole: akakimbia, akasimama, akazunguka, akanyanyua goti, akatazama kushoto. Akapiga. Akafuata mpira kwa macho. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga magoti mchangani kama mtu aliyekosa fainali. Watu walilipuka kwa kicheko, mazishini, na Pamela alicheka mpaka akaketi chini na leso yake.

Mtu mmoja akakumbuka kwamba siku ile nilikuwa nimesimama kwenye kasia. Akanigeukia mbele ya wote. "Na wewe, Baba Achieng, uliona?"

Nikasema niliona kwa macho yangu mawili. Haukuingia.

Negativu ninayo, nzima na kasia lake, iko ndani ya mkebe wa majani ya chai, na hapa nyumbani kuna mjukuu mmoja mwenye mashine ya kila kitu ambaye ameshaanza kuuliza kuna nini humo. Akiufungua atanijua mimi ni nani.